Kikosi cha Selous Scouts na Urithi Wake

Jina la Selous lajulikana kwetu kwa ajili ya lile pori la wanyama kusini mwa Tanzania, ambamo Frederick Selous aliuawa vitani mwaka 1917. Huko Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, jina hilo lilipewa kikosi cha kijeshi.

Selous Scouts waliundwa mwaka 1973 chini ya Ronald Reid-Daly. Wengi wao walikuwa Waafrika, na baadhi ni wapiganaji wa ukombozi waliokamatwa wakageuzwa. Hila yao ilikwisha tumiwa Kenya katika vita vya Mau Mau: kuvaa na kusema kama wapiganaji, kuingia kijijini usiku na kuomba chakula. Mwanakijiji aliyewapa alijifichua. Naye aliyewanyima, je, kama wageni wale walikuwa wapiganaji wa kweli?

Tarehe 9 Agosti 1976, wakivaa sare za Msumbiji, waliishambulia kambi ya Nyadzonya nchini humo, wakaua watu wapatao 1,000. Rhodesia ilidai ni kambi ya askari. Umoja wa Mataifa ulisema ni ya wakimbizi.

Ustadi wao wa kufuata nyayo haukanushiki. Lakini, kwa maoni yangu, madhara makubwa yalikuwa katika ushahidi. Februari 1977 wamisionari saba Wakatoliki waliuawa Musami. Serikali iliwashtaki wapiganaji, wapiganaji wakawashtaki Scouts, na ubishi haujakatika. Kwa kujigeuza kwao, kila upande ulipata pa kutupia damu.

Kikosi kilivunjwa mwaka 1980. Baadhi ya askari wake walihamia jeshi la Afrika Kusini.