Herufi Nne Mgongoni mwa Twite

Agosti 2012, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Beki kutoka Kigali anatua na kukuta umati wa mashabiki wa Yanga unamsubiri. Anavishwa jezi ya kijani na njano kama ilivyo ada ya mgeni wa Jangwani, makao ya Yanga. Akigeuka, wapiga picha wanaona kitu ambacho hakikuwa ada. Mahali pa jina la mchezaji pameandikwa RAGE.

Beki huyo aliitwa Mbuyu Twite. Rage alikuwa mtu mwingine kabisa: Ismail Aden Rage, mbunge wa Tabora Mjini na, hapo ndipo penye utamu, mwenyekiti wa Simba, watani wa jadi wa Yanga.

Picha ile haichoshi kutazamwa. Kila ukiirudia unamfikiria mtu ambaye hayumo: aliyebeba jezi mpaka kwa mchapaji, akatamka jina la mkuu wa watani kwa sauti ya kawaida, akasubiri R ibandikwe, kisha A, kisha G, kisha E, akalipa. Mchapaji aliuliza chochote? Alidhani mteja kakosea duka? Au naye alikuwa wa Jangwani, akapunguza bei? Mzaha huu haukuropokwa barazani baada ya kahawa ya pili. Ulipangwa, ukachapwa, ukakunjwa na kupelekwa uwanja wa ndege kumsubiri mwenye mgongo.

Chanzo chake kilikuwa kesi nzito. Mwezi mmoja kabla, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Kagame, Yanga wakalichukua, na Twite akawa miongoni mwa walioonekana akiwa na APR ya Rwanda. Simba wakawahi. Kwa maelezo ya Rage, yaliyotawala magazeti ya michezo wiki ile, mambo yalikuwa yamekwisha: mchezaji amesaini, amepokea fedha zaidi ya dola 30,000, ni mali ya Msimbazi, makao ya Simba. Rage hakuwa mgeni wa kanuni. Aliwahi kuwa katibu mkuu wa chama cha soka cha nchi. Aliongea kama mtu mwenye mkataba mkononi, na kwa haki yake, fedha zilikuwa zimetoka kweli.

Yanga walijibu kwa kwenda mbali zaidi. Hawakubishana juu ya Kigali. Walipitia Lubumbashi nchini Kongo, kwa FC Saint-Éloi Lupopo, klabu ambayo kwa madai yao ndiyo iliyokuwa na haki ya mchezaji. Kwa lugha ya vijiweni, Simba walikuwa wamelipa mahari kwa mjomba wakati baba yuko hai.

Pingamizi likafika TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Kamati ikakaa, na uamuzi wake ukawaacha wote na cha kusema: Twite acheze Yanga, fedha za Simba zirudishwe. Wa Jangwani wakasema tumeshinda. Wa Msimbazi wakasema mwizi haambiwi arudishe kama hakuiba. Kisheria habari ikaishia hapo, lakini kijiweni ndiyo kwanza iliwekewa kuni.

Ili kuielewa jezi ile, lazima ukumbuke mtani ni nani. Katika makabila yenye utani, mtani hufika msibani wakati wenye msiba wanalia, akamwiga marehemu anavyokohoa, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Hakuna anayemkasirikia. Akikasirikiwa, aliyekasirika ndiye mwenye aibu. Simba na Yanga waliuchukua mkataba huo mzima mzima: Kandambili, Vyura, Mikia, majina ambayo mahali pengine yangeleta ngumi. Tuhuma ya kudhulumiwa fedha, ambayo kwingine ni ya polisi, ikageuzwa kitambaa. Na bahati ikaongeza lake, maana jina la ukoo wa mwenyekiti, ukilisoma kwa Kiingereza, ni ghadhabu.

Ila kuna aliyevishwa. Katika kelele zote zile, sauti ya Twite ndiyo isiyosikika. Alijua jina lile ni la nani? Aliambiwa kabla ya kuinua mikono au baada? Mtu anayetoka safarini na kupewa nguo na wenyeji wake huivaa.

Msomaji wa Kongo angeanza mahali pengine kabisa. Angelisoma jina la mbele. Kwa Waluba, Mbuyu na Kabange ni majina ya mapacha. Ukisikia moja unauliza lilipo la pili. Na la pili lilikuwapo: Kabange Twite, pacha wake, naye alicheza APR. Jina la Mbuyu lilibeba habari nyingi za kuzaliwa kwake kuliko pasipoti, na ndilo lililofunikwa na herufi nne za mtu wa Tabora.

Habari za majina na karatasi ni nyeti huko Kongo. Chukua Opala, kusini-magharibi mwa Kisangani, kwenye mto Lomami. Sheria ya familia ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Zikipita, njia ni hukumu ya mahakama. Siku 90 ni nyingi kwa anayeishi Makiso, katikati ya jiji. Kwa mama wa kijiji cha ndani, ambaye ofisi ya serikali kwake ni safari ya mtumbwi au ya miguu, zinakwisha mtoto hajaota jino. Kijana wa namna hiyo akija kuwa hodari wa mpira, tarehe yake ya kuzaliwa itaandikwa na watu wazima wanaokumbuka, au wanaodai kukumbuka. Atakapofunga bao muhimu, shabiki wa upande wa pili atauliza: huyu ni nani hasa, na ana miaka mingapi?

Kongo yenyewe imewahi kuuliza. Machi 2021 Gabon iliichapa 3-0 mjini Franceville, na Leopards wakaikosa AFCON. Shirikisho la Kongo likalalamika CAF kwamba Guélor Kanga, kiungo wa Gabon, si yule aliyeandikwa kuzaliwa Oyem mwaka 1990, bali ni mzaliwa wa Kinshasa wa mwaka 1985 mwenye jina jingine. Katika malalamiko hayo mlikuwa na dai la kumsimamisha mtu nywele: mama yake alifariki 1986, miaka minne kabla ya tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Malalamiko yalitupwa, Gabon ikaendelea na safari yake.

Majirani wa Kongo, Wanyarwanda, nao walikuwa na la kukumbusha. Mwaka 2014 Rwanda iliondolewa katika mchujo wa AFCON kwa sababu ya mshambuliaji mmoja mwenye watu wawili ndani yake: kwa Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda, ni Dady Birori, kwa AS Vita Club ya Kinshasa ni Etekiama Agiti Tady, kila jina na pasipoti yake na mwaka wake wa kuzaliwa. Adhabu iliiangukia Rwanda. Vita, waliomtumia kwa jina la pili, walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka huohuo.

Twite alibaki Yanga hadi 2016, akatwaa ubingwa wa ligi zaidi ya mara moja, safari hii kwa jina lake. Rage aliacha kiti cha Simba mwaka 2014. Baadaye watani walipata kesi nyingine za kutafuna: ile ya Bernard Morrison, aliyetoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020, ilifika mpaka mahakama ya michezo ya CAS, Yanga wakashindwa, kisha mwenyewe akarudi Yanga 2022 kana kwamba alikwenda dukani.

Lakini litaje jina la Twite mbele ya watu wazima wa mpira. Wa Msimbazi atakwambia habari za dola, tarehe na saini, na atakuwa na hoja. Wa Jangwani hatabishana naye. Atageuka tu, amwonyeshe mgongo.