Nyumbanitu Hauhamishiki

Ukifika kijiji cha Mlevela, mkoani Njombe, ukitaka kuuona msitu wa Nyumbanitu, huingii hivi hivi. Wazee huombwa kwanza, nao hukuombea njia kwa waliotangulia. Kwa Kibena jina lenyewe ni nyumba nyeusi, na chini ya miti iliyofungamana vile hakuna haja ya kueleza kwa nini. Wenyeji husimulia habari za pango lililowaficha wahenga wao nyakati za vita, na za kuku weusi wasio na mwenyewe.

Sisi tunaosoma sanaa za maonyesho tuna kila sababu ya kuliita tambiko sanaa. Lina msemaji na waitikiaji; lina unga, lina pombe, lina utaratibu wa nani atangulie na nani asimame wapi. Ila hadhira yake kuu haionekani. Mzee anapotaja majina ya mababu mmoja baada ya mwingine, hawahadithii walio hai habari za wafu. Anawaita wafu wasikie, tena anawaita pale walipo. Kwa hiyo msitu umo katika onyesho kama mhusika, sawa na mzee mwenyewe.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ngoma za makabila zikaletwa kwenye jukwaa la kundi la taifa. Kazi ile ilituvua aibu tuliyovishwa na ukoloni, nami naiheshimu sana. Lakini ngoma ikihamishwa husafiri na hatua zake na mdundo wake. Aliyekuwa akiitwa nayo hubaki nyumbani. Hata Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Njombe, mji wa njia panda na stesheni ya TAZARA, ngoma ya kukodiwa huchezwa popote penye nafasi. Tambiko haliwezi.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unalitambua hilo: unataja pia maeneo yanayoambatana na sanaa hizo. Njombe ya leo ni nchi ya paina, chai na parachichi, na kila ekari ina mnunuzi. Wewe unayepima shamba karibu na msitu wa tambiko, kabla ya kuchomeka kigingi cha kwanza, waulize wazee mpaka wa msitu uko wapi.