Mzee wa Magongo Hakumung'unya Maneno

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maneno haya nayajua tangu utotoni kule Mombasa, lakini maana yake nilikuja kuifahamu vyema huku bara, mjini Thika, Jumapili moja jioni, kando ya kiwanja cha mpira wa magongo.

Aliyenipeleka huko ni mzee mmoja mkazi wa Ruiru. Jina lake silitaji, kwani mwenyewe hakupenda. Yeye ni mtoto wa vibarua wa shamba la kahawa. Udogoni alikuwa akiokota mipira nyuma ya goli katika klabu ya wenye mashamba, na siku moja gongo lilipovunjika likatupwa, alilichukua, akalifunga kamba, akaanza kujifunza. Baadaye alicheza klabuni miaka mingi. Jezi ya taifa hakuivaa, lakini walioivaa alipambana nao, na kovu la mguuni mwake ni shahidi.

Tulipanda matatu Ruiru, na katika mwendo ule wa kilomita kama ishirini mzee alinifungulia kitabu cha zamani. Alinikumbusha kwamba katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 1964, Kenya ilishika nafasi ya sita. Mwaka 1971, Kombe la Dunia la mchezo huu lilipochezwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Hispania bao moja kwa yai. Katika kuwania nafasi ya tatu ilifungwa na India mabao mawili kwa moja. Nne bora duniani! Alipolitaja jina la Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne, tangu 1960 hadi 1972, mzee alivua kofia.

"Ikawaje tukaanguka?" nikamwuliza.

Alisema hatukuanguka siku moja. Wachezaji wa enzi ile wengi wao walikuwa Wagoa na Masingasinga, na mchezo uliishi katika klabu za jamaa zao. Wengi walipohamia Uingereza na Kanada, ufundi nao ukapanda ndege. Olimpiki za 1976 na 1980 Kenya haikwenda kwa sababu za siasa, na ilikuwa huko Montreal, mwaka 1976, ambapo mashindano ya magongo ya Olimpiki yalianza kuchezwa juu ya nyasi bandia. Mpira ukawa wa mbio nyingine kabisa. Sisi tulipata uwanja wa namna hiyo City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Tukatwaa dhahabu, na mwaka uliofuata tukaenda Seoul. Tangu hapo hadi Michezo ya Paris ya 2024, wanaume wetu hawajarudi Olimpiki.

Basi tukafika Thika. Timu tuliyoitazama, ambayo nayo siitaji, ilifungwa mabao manne bila jibu. Mchezo ulipokwisha vijana waliketi chini, soda zikagawiwa, na mwenyekiti akasimama. Alisifu jitihada, akamlaumu mwamuzi, akaulaumu uwanja kwa mashimo yake. Kisha akamwomba mzee awape vijana maneno mawili ya baraka.

La haula! Mzee aliweka soda yake chini bila kuionja.

"Mashimo hayo hata wageni wameyacheza," alianza. "Nyinyi mmefungwa kwa sababu mlikutana mazoezini Ijumaa, mara moja tu wiki nzima. Kona fupi mmepata tano, na hata moja hamkuzuia mpira ukatulia. Nanyi viongozi, nauli za wachezaji mnazijua kwa hesabu, lakini majina yao hamyajui."

Kimya kikatanda. Mwenyekiti alimkazia macho. Mzee akaendelea, sauti ikiwa imeshuka:

"Nasi wazee tuna kosa letu. Pale kwetu Ruiru wataalamu walihangaika miaka mingi kupata mbuni usiouawa na ugonjwa, wakawapa wakulima mwaka 1985. Mche hulelewa kitaluni kwanza. Sisi hatukulea. Tulikaa na ufundi wetu tukisubiri kuombwa."

Mwenyekiti alisimama akasema mzee amewafedhehesha, na kwamba heri angebaki nyumbani. Kijana mmoja wa kiungo alitupa gongo lake, akaondoka bila kuaga.

Mimi, nakiri, nilikuwa upande wa mwenyekiti. Sisi tumefunzwa kusema kweli ijapokuwa chungu, lakini pia tumefunzwa kuisitiri aibu ya mwenzetu. Tulipokuwa tukirejea kituoni nilimwambia, "Mzee wangu, si ungewaita faraghani?"

"Miezi minane nimewaita faraghani, mwanangu," alijibu. "Kila mara walinipa chai, wakanishukuru. Kama nisingewapenda ningekunywa soda yangu nikaenda zangu."

Sikuwa na la kusema.

Tulikuwa tumekwisha kuketi garini tuliposikia kioo kikigongwa. Alikuwa yule kijana wa kiungo, gongo lake mkononi, macho mekundu. "Mzee, ile kona fupi... mpira nautulizaje?"

"Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa hunikuti."

Ndugu msomaji, huku kwetu Pwani pia tunao wazee wa namna hii, katika timu za mitaani na hata katika mabaraza yetu. Tunawaita wakorofi, tukiwaona tunahama kibaraza. Labda kabla ya kuhama tuwaulize kwanza ni mara ngapi wametuambia kwa siri.

Jumanne ile, nimeambiwa, walifika vijana saba. Mzee alikuwa wa kwanza kufika.