Kibla Wapi Hapa Mtito Andei?

Yeyote aliyesafiri kwa basi baina ya Mombasa na Nairobi anaijua Mtito Andei. Hapo ndipo dereva huzima injini, abiria wakateremka kunyoosha miguu, mwenye kutaka chai akanywa na mwenye kutaka kusali akatafuta maji ya kutawadha. Na ikiwa wakati ni wa Magharibi au Isha, na watu wametandika mikeka yao kando ya barabara, husikika swali lile lile: "Kibla wapi hapa?" Mmoja ataonyesha kulia, wa pili kushoto, na wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atasema tufuate barabara iendako Nairobi, kwani Nairobi si iko kaskazini?

Huyu wa tatu ndiye anayetupoteza. Barabara ile haiendi kaskazini. Kutoka Voi hadi Kibwezi, na Mtito Andei iko katikati ya safari hiyo, barabara pamoja na reli zake mbili, ile kongwe iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na hii mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, zote zinakwenda kaskazini-magharibi. Mwenye kuufuata mkono wake atakuwa ameikosa kibla kwa kiasi cha digrii 40, yaani karibu nusu ya pembe mraba.

Sisi wa Pwani tuna udhuru wetu katika jambo hili. Mombasa na Makka zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo, hivyo aliyeko Mvita akielekea kaskazini barabara ameelekea kibla, na tofauti yake haifiki hata digrii moja. Ndiyo maana wazee wengi walikuwa wakisema "kibla" wakiwa na maana ya kaskazini, na "suheli", jina la nyota, wakiwa na maana ya kusini. Mtoto hakufundishwa pande za dunia kwa kitabu. Alizijua kwa mihirabu ya misikiti na kwa pepo mbili, kaskazi na kusi, ambazo ndizo zilizoipa lugha yetu maneno kaskazini na kusini. Lakini elimu hiyo yote ina kasoro moja: mtu anaondoka nayo Mombasa na kuiacha Mariakani. Akishafika nyikani, bahari haionekani, upepo umekatika, na mbuyu huu ni sawa na mbuyu ule.

Hayo siyasemi kwa kusoma. Mwaka 1984, mwaka ule wa ukame mkubwa, mimi na vijana wenzangu wawili tulikwenda kumtembelea mwenzetu wa shule ambaye baba yake alikuwa na shamba si mbali na Mtito Andei, upande wa magharibi wa barabara. Siku ya pili tukaona kilima kidogo, tukaazimia kukipanda na kurudi kabla ya Laasiri. Tulichukua chupa mbili za maji kwa watu watatu. Mwenyeji wetu alikuwa amekwenda sokoni, nasi hatukuona haja ya kumngoja. Mimi nilikuwa nimefaulu vizuri somo la jiografia katika mtihani wa kidato cha nne. Ramani ya kipimo cha 1:50,000 niliweza kuisoma mezani bila kusita, nikataja mito ya msimu na miinuko yake. Siku ile ramani hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo sijui ningeifanya nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kunitoa nje ya darasa na kuniambia, "Haya, hapa uliposimama ni wapi katika karatasi hii?"

Kilima tulikipanda. Kushuka ndiko kulikotushinda. Vichaka vya miiba havimwachi mtu akaenda moja kwa moja. Unazunguka mti mmoja kwa kulia, wa pili kwa kulia, na baada ya nusu saa umegeuka bila ya kujua. Maji yalikwisha. Laasiri ilipoingia tulibishana juu ya kibla, kila mmoja na upande wake, na hapo ndipo tulipotambua kwamba tusiojua kibla ni wapi, hata nyumbani hatukujua ni wapi. Tukasali kwa kadiri ya ijtihadi yetu. Kilichotuokoa ni honi ya garimoshi. Tuliisikia jua likikaribia kuzama, mbali sana, tukaikimbilia sauti ile mpaka tukaiona reli, tukaifuata gizani. Yule mzee, baba wa mwenzetu, alikuwa ametoka na kurunzi kututafuta. Hakutukemea. Alitupa maji kidogo kidogo, kisha akauliza, "Wanangu, nyinyi ni watoto wa manahodha. Nahodha hutweka tanga kabla ya kujua aendako?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo, kwa sababu ni kweli kwamba wazee wetu waliokwenda Uajemi, Omani na Bara Hindi kwa majahazi hawakuwa wakibahatisha. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliigawa duara ya dira katika sehemu 32, kila sehemu moja ikiitwa khan na kupewa jina la nyota mahali inapochomoza au inapotua. Kaskazini ilikuwa ni Jaa, nyota ya ncha ya kaskazini, na kusini ni ncha ya Suheli. Neno letu matlai, tunalolitumia kwa upepo wa alfajiri utokao mashariki, latokana na lile lile la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomoza. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeishi karne ya 15, aliandika juu ya mambo hayo kwa mapana. Wengi wetu tulifundishwa kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498, lakini wanahistoria wa siku hizi hawalikubali hilo. Rubani yule wanamhesabu kuwa ni mtu mwingine, na huenda alikuwa Mgujarati. Kwa maoni yangu sifa ya Ibn Majid haipungui kwa hilo, pengine hata yazidi.

Wala nchi kavu haikuwa ngeni kwa watu wa Pwani. Mmishonari Erhardt alipochora ile ramani yake mashuhuri ya Afrika ya Mashariki, iliyotangazwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856, aliichora kwa habari alizokusanya kwa wafanyabiashara na viongozi wa misafara wa Pwani. Alikosea kwa kuyafanya maziwa makuu kuwa ziwa moja kubwa mno, lakini yaliyomo yalitoka vichwani mwa watu waliokuwa wameikanyaga njia kwa miguu. Na upande huu wa Ukambani misafara iliongozwa na Wakamba wenyewe, kama Kivoi, aliyempokea Krapf huko Kitui mwaka 1849.

Sasa basi, elimu yenyewe si ngumu. Dira ya msafiri wa miguu ni kibao cha plastiki kilicho wazi, juu yake mna kibweta cha duara chenye digrii 360, na ndani ya kibweta mna sindano ya sumaku. Lazia ukingo wa kibao juu ya ramani, kutoka ulipo hadi unapotaka kwenda. Zungusha kibweta mpaka mistari yake ilale sambamba na mistari ya kaskazini ya ramani. Kisha nyanyua dira, uishike mbele ya kifua, ugeuke wewe mwenyewe, mwili mzima, mpaka sindano iingie ndani ya mshale wake. Mbele ya kibao ndiko uendako. Chagua mti au jiwe lililo katika mstari huo, ulifikie, kisha upime tena. Mwenye kutembea akiitazama sindano badala ya njia atajikwaa tu.

Kwenye ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizotolewa na Idara ya Upimaji ya Kenya, sentimita mbili ni kilomita moja, na mistari ya miraba imekwisha kuchorwa, kwa hiyo masafa hupimwa hata kwa kidole. Mistari ya kontua ikisongamana ujue ni mteremko mkali. Naismith, Mskochi aliyeweka kanuni yake mwaka 1892, alihesabu saa moja kwa kila kilomita tano, na kuongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa jua la Mtito Andei mimi ningemwongezea nusu.

Na hapa ndipo penye faida ya kuijua nchi. Kutoka Mtito Andei, milima ya Chyulu iko upande wa magharibi, kilele chake kikifika mita 2,188. Kilimanjaro, siku ikiwa safi, iko magharibi kwa kusini kidogo, kiasi cha kilomita 100. Mashariki uko mto Athi, na ng'ambo yake uwanda mrefu wa Yatta uliofanywa na lava, ambao ni kama ukuta usiokwisha. Ukiviona vilima viwili unavyovitambua katika ramani, pima mwelekeo wa kila kimoja, chora mistari miwili kurudi nyuma, na mahali inapokatana ndipo uliposimama. Ikiwa huoni chochote, basi kumbuka kwamba barabara na reli ni mstari mrefu usioweza kukosewa: aliye magharibi yake aende kaskazini-mashariki, aliye mashariki yake aende kusini-magharibi, atazigonga tu. Lau tungalijua hili moja mwaka ule, na tungalikuwa na dira, tungalifika nyumbani kabla ya Magharibi.

Ziko hila ambazo vitabu vya Ulaya havitamwambia mtu wa huku. Sindano ya dira haivutwi kaskazini tu, huvutwa pia chini. Iliyotengenezwa kwa Ulaya imetiwa uzito ili ilale sawa kule; ikiletwa Kenya, ncha yake ya kusini huinama na kukwaruza kibweta. Nunua iliyosawazishwa kwa sehemu zetu, ama uiinamishe kidogo mpaka izunguke kwa uhuru. Jambo la kushukuru ni kwamba tofauti baina ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli hapa kwetu ni ndogo, haifiki digrii mbili, ilhali ziko nchi ambazo tofauti hiyo inapita 20. Lakini jihadhari na mawe meusi. Lava ya Shetani iliyomwagika karibu na Chyulu katikati ya karne ya 19, na kilima cha Chaimu, ni mawe yenye chuma, na dira ikiwekwa juu yake yaweza kusema uongo. Chuma cha bunduki, cha gari na hata sumaku iliyomo katika mfuko wa simu hufanya vivyo hivyo.

Jua nalo si la kutegemewa kama tudhanivyo. Mwezi wa Juni huchomoza digrii 23 hivi kaskazini ya mashariki, na Desemba kiasi hicho hicho upande wa kusini. Aliyetembea kilomita kumi kwa kosa hilo ameikosa nyumba kwa kilomita nne. Na ile nyota ya Jaa haionekani Mtito Andei wala Mombasa, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Zilizo bora ni zile nyota tatu zilizopangana katikati ya Jabari: hizo huchomoza mashariki hasa na kutua magharibi hasa, kila mwaka, kila mahali. Qurani katika Suratul An'am imezitaja nyota kuwa ni mwongozo katika viza vya bara na vya bahari, na nadhani tumeishika zaidi ile sehemu ya bahari.

Vijana wataniambia kwamba yote haya yamo katika simu. Ni kweli, na simu hupokea setilaiti hata pasipo na mtandao, mradi ramani imepakuliwa mapema. Sikatazi. Lakini simu hufa betri, na huanguka, na vichaka vile haviuzi umeme. Wanafunzi wetu wa sekondari bado wanaulizwa maswali ya ramani ya 1:50,000 katika mtihani wa jiografia; laiti kila shule ya Pwani ingewatoa nje hata siku moja tu kwa mwaka, wakiwa na dira kumi. Skauti hufanya hivyo, na hali kadhalika vijana wa Tuzo ya Rais, mpango ulioanzishwa mwaka 1966.

Mtu asielewe kwamba namhimiza aingie Tsavo kwa miguu. Mbuga ile ilitengwa mwaka 1948, Chyulu ikafuatia mwaka 1983, na humo wamo tembo, nyati na simba. Ndani ya mbuga hutembei ila mahali paliporuhusiwa au ukiwa na askari wa wanyamapori. Mwenye kupata nafasi afike Mzima, azione chemchemi ambazo maji yake huchujwa na mawe ya Chyulu, kisha hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Aliyekunywa maji ya bomba Mombasa huenda ameionja milima ile kabla ya kuiona.

Ama lile swali la kibla: kutoka Lamu ni digrii mbili na nusu magharibi ya kaskazini. Mombasa ni kaskazini barabara. Mtito Andei ni digrii nne mashariki ya kaskazini, na Nairobi ni saba. Ukiwa umesimama kando ya barabara na uso wako uko Nairobi, geuka kuliani kiasi kidogo kisichofika nusu ya pembe mraba, uiangalie sindano ikitulia, kisha kimu sala, kwani dereva ameshaanza kupiga honi.