KITUO CHA RELI AMBACHO KIGALI HAIKUKIPATA

Mgeni afikaye Kigali na kuomba aonyeshwe kituo cha reli atazungushwa mji mzima bila kukiona. Huko Nyabugogo atayakuta mabasi ya kila upande, lakini reli hakuna. Hata hivyo, kiko kituo cha kale ambacho historia yake imefungamana na ya mji huu, nacho kiko Tabora, nchini Tanzania. Tulikwenda kukitazama, na tumeona vema tuwasimulie ndugu zetu wa jeshi na polisi, maana habari yake inawahusu.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika kituo cha Tabora, kilichojengwa enzi hizo, jambo la kwanza limvutialo mtazamaji ni paa. Limeinuka juu na kuteremka kwa mwinamo mkali, mfano wa mapaa ya nchi za baridi, ambako theluji hapana budi iporomoke upesi isije ikalilemea jengo. Tabora haina theluji. Fundi alijenga kama alivyozoea kwao, na abiria aliyeshuka katika garimoshi alitambua papo hapo ni nani aliyeitawala nchi. Lakini tuta lilichimbwa na mataruma yakalazwa kwa mikono ya Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa ukutani.

Hapo Tabora ndipo ilipokusudiwa kuanzia reli ya Rwanda. Kigali ulikuwa mji mchanga, ulioanzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, ambaye nyumba yake sasa ni makumbusho. Mwaka 1914 kazi ya kuipeleka njia hiyo upande wa mto Kagera ilianza. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, na kazi ikasimama.

Mwezi Mei 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, ambalo askari wake walio wengi walikuwa Waafrika, liliingia Kigali. Tarehe 19 Septemba majeshi ya Wabelgiji yakaitwaa Tabora. Mwendo ambao garimoshi lingeurahisisha, askari na wapagazi waliutembea kwa miguu, mizigo ikiwa kichwani, na wapagazi wengi hawakurudi makwao.

Vita vilipokwisha, Rwanda iliwekwa chini ya Ubelgiji na Tanganyika chini ya Uingereza. Waingereza wakajenga reli kutoka Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na Rwanda ikabaki kando. Ndiyo maana shehena ya Rwanda iletwayo kwa reli hushushwa Isaka, kwenye njia hiyo ya Mwanza, ikapakiwa katika malori hadi mpakani Rusumo. Mwaka 2018 serikali za Rwanda na Tanzania ziliafikiana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali.

Ndugu askari, jengo likibomolewa kwa mzinga kila mtu huyaona magofu yake na kusikitika. Kituo cha Kigali hakikuacha hata jiwe moja la kulilia, kwa kuwa vita vilikizuia kabla ya msingi kuchimbwa. Hasara ya namna hiyo haionekani kwa macho, bali hulipwa na mkulima na mfanyabiashara katika nauli ya kila gunia. Kwa hiyo mlinzi akeshaye mpakani au barabarani asidhani kwamba ujenzi ni kazi ya wengine. Amani anayoilinda ndiyo kiwanja cha kwanza cha kila jengo.

Na siku kituo cha Kigali kitakapochorwa, tunaomba paa lake lipimwe kwa mvua zetu, na majina ya wajenzi yaandikwe ukutani.