Kweli au Uongo: Tuliyoambiwa Kuhusu Dhahabu, Shaba na Mchanga Mweusi

Umbilo, kitongoji cha Durban kilicho chini ya kilima cha Berea, hakina mgodi hata mmoja. Lakini Kiswahili cha Kivu na cha Katanga, maeneo ya madini ya Kongo, husikika humo bila kutafutwa, na kinaposikika, hadithi za madini haziko mbali. Wewe nawe umezisikia, iwe ni Geita, Kwale au Kolwezi. Tuzichambue chache. Kila moja tutaitolea hukumu kwanza, ushahidi ufuate.

“Utafiti wa madini hufanyika mgodini.”

Si kweli. Juu ya Umbilo, kilimani, kuna Howard College, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Machimbo makubwa ya dhahabu ya Witwatersrand yako mamia ya kilomita kutoka hapo, lakini wahandisi wa kemia wa kampasi hiyo wamefanya utafiti wa kusaga mawe na kuchenjua madini. Sababu yenyewe ni hesabu. Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa tani huhesabiwa kuwa mzuri, na gramu hizo 5 zikikusanywa hazizidi punje moja ya mahindi. Ili kuipata punje hiyo, mara nyingi tani nzima husagwa mpaka chembe zake ziwe chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Makadirio ya kawaida ni kwamba kusaga mawe kunakula kati ya asilimia 2 na 4 ya umeme wote wa dunia. Anayepunguza gharama hiyo kidogo tu ameufaa mgodi kuliko kikosi kizima cha wachimbaji, na wala hahitaji kofia yenye taa.

“Mwanamke akiingia duarani, dhahabu hukimbia.”

Uongo mtupu. Dhahabu ya Geita imekaa ndani ya mwamba kwa zaidi ya miaka bilioni mbili. Haijawahi kumkimbia mtu. Ila tusiwacheke wachimbaji wadogo, wenye mashimo yaitwayo maduara, peke yao, maana wakubwa nao walikuwa na marufuku yao, ingawa waliipa sababu za afya. Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 45 wa kuwazuia wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini, na Afrika Kusini sheria ya namna hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Cha ajabu ni kwamba mwanamke yuleyule anayefukuzwa duarani ndiye anayeachiwa kugonga mawe juani na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Huko dhahabu haimkimbii?

“Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu.”

Kweli, na wahenga wapewe heshima yao. Kinachowadanganya wengi ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano. Igonge kwa nyundo: pairaiti itapasuka, dhahabu itatandazika. Isugue kwenye kigae kisichong'arishwa: pairaiti itaacha mstari mweusi wenye ukijani, dhahabu itaacha wa manjano.

Lakini usikimbilie kuitupa. Mara nyingi dhahabu hujificha ndani ya pairaiti yenyewe, ikiwa chembe ndogo mno kwa jicho na hata kwa kinu. Katika mgodi wa Fairview, karibu na Barberton, Afrika Kusini, mwaka 1986 kilianza kazi kiwanda kinachotumia bakteria kuila salfa hiyo kwanza, ili dhahabu iachwe wazi. Ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji ya tindikali na kupata nguvu kutoka kwenye mwamba. Mimi nikiulizwa ugunduzi upi wa uchenjuaji unapendeza zaidi, nautaja huo bila kusita.

“Panapoota ua fulani, chini kuna shaba.”

Kweli tena. Katanga kuna vilima vilivyo vipara katikati ya msitu, kwa sababu shaba iliyomo udongoni ni sumu kwa miti mingi. Mimea michache imezoea, na mmojawapo ni *Haumaniastrum katangense*, mmea wa jamii ya mrehani unaojulikana kama ua la shaba. Hata wanaakiolojia wameutumia kutambua mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita, maana mabaki ya tanuri zao bado yanaulisha udongo. Na yule mzee aliyekwambia uangalie vichuguu hakukosea: mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana, na wanajiolojia huchukua sampuli kwenye vichuguu kabla ya kuleta mashine ya kutoboa. Ua wala kichuguu havisemi kiasi kilichopo. Vinasema tu pa kuanzia.

“Makinikia ni mchanga tu.”

Uongo. Ila na waliodai hesabu ya utajiri wake ilikwisha kupatikana nao wangojee kidogo.

Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia makinikia kusafirishwa nje ya Tanzania, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Yalitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Kilichomo si mchanga uliochotwa. Mwamba husagwa, hutiwa kwenye matangi ya maji, kisha kemikali huzifanya chembe zenye shaba na salfa zikatae maji. Hewa ikipulizwa, chembe hizo hushikamana na mapovu na kupanda juu, huku mchanga wenyewe ukibaki chini. Povu hilo likikaushwa ndiyo makinikia: shaba, dhahabu, fedha, chuma na salfa kwa pamoja.

Ubishi ulikuwa wa kiasi. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyowasilisha ripoti Mei 2017, ilitaja wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani. Nyaraka za usafirishaji zilionyesha kama 200. Tofauti ya mara saba! Na hapa ndipo sayansi ya sampuli inapohitajika kuliko hotuba. Dhahabu haijisambazi sawasawa. Mhandisi wa Afrika Kusini, Danie Krige, alionyesha mwaka 1951, kwa takwimu za Witwatersrand, kwamba sehemu zinazoonekana tajiri kwa sampuli chache huwa pungufu zikishachimbwa. Njia ya hesabu iliyotokana na kazi yake hutumiwa leo na migodi duniani kote. Kwa hiyo ukitajiwa namba ya dhahabu, uliza kwanza: sampuli ngapi, zilitolewa wapi ndani ya kontena, na nani mwingine alizipima? Mgogoro wenyewe ulimalizwa mezani. Januari 2020 Serikali na Barrick, kampuni yenye migodi hiyo, walitia saini mkataba uliohusu kampuni yao ya pamoja ya Twiga, hisa za Serikali zikiwa asilimia 16, na malipo ya dola milioni 300.

“Mistari myeusi ufukweni ni uchafu wa bandari.”

Mara nyingi si kweli. Leta sumaku uone: sehemu ya mchanga huo itairukia. Ni chembe nzito, hasa ilmenaiti, ambazo mawimbi huziacha nyuma yanapobeba zile nyepesi. Mchanga wa namna hiyo huchimbwa Richards Bay, kaskazini mwa Durban, na ulichimbwa Kwale, Kenya, kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024. Kutoka kwenye weusi huo hupatikana unga mweupe wa titani unaotiwa kwenye rangi za ukutani na dawa ya meno.

“Bila zebaki hakuna dhahabu.”

Uongo, tena huu unaua.

Zebaki hushika dhahabu, hilo halina ubishi. Mchimbaji huichanganya na unga uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hupata donge, hulichoma, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Ni njia rahisi na haitaki mtaji. Kasoro yake ni kwamba zebaki hunasa dhahabu inayoigusa tu. Iliyofichwa ndani ya chembe ya jiwe huondoka na marudio, yaani mabaki ya kuchenjua. Johannesburg waliyaona hayo karibu mwaka 1890. Walipofika kwenye mwamba wenye pairaiti, zebaki ilishindwa, hisa zikaporomoka, watu wakafunga virago. Waliokolewa na kazi ya maabara ya Glasgow: John Stewart MacArthur, pamoja na ndugu wawili Robert na William Forrest, walikuwa wamepata hataza mwaka 1887 ya kuyeyusha dhahabu kwa maji yenye sianidi kidogo. Mwaka 1890 njia hiyo ilijaribiwa Witwatersrand, na migodi ikafufuka.

Utaniambia sianidi nayo ni sumu. Ni sumu, tena kali, na inahitaji bwawa lisilovuja na watu waliofunzwa. Lakini sianidi huvunjika kwa jua na hewa. Zebaki haivunjiki kamwe. Huingia mtoni, kisha kwenye samaki, kisha kwenye sahani. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umepewa jina la mji wa Japani ulioteseka hivyo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unataka yakomeshwe, pamoja na mengine, kuchoma donge hadharani au kwenye makazi, na kutia sianidi kwenye marudio ambayo hayajaondolewa zebaki. Hilo la mwisho hufanywa sana, na ndilo baya zaidi, kwani sianidi huiyeyusha zebaki na kuipeleka mbali.

Asiye na mtaji wa sianidi ana njia nyingine: kuoshea kwenye mtaro wenye zulia mpaka unga mzito ubaki, halafu kuuyeyusha kwa boraksi, kama wanavyofanya wachimbaji wa Benguet, Ufilipino. Na kama nyumbani kwenu yupo anayechoma donge jikoni, watoe watoto humo leo hii. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki.