Dawa, Sumu na Saa: Lugha ya Usalama wa Dawa baina ya Muuguzi na Mgonjwa, kwa Kurejelea Mwazye, Ufipa

1.0 Utangulizi

Muuguzi wa Tanzania hujifunza usalama wa dawa kwa Kiingereza, huutekeleza kwa Kiswahili, na mara nyingi huutekeleza mbele ya mgonjwa ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Wanaisimu tumeandika mengi kuhusu lugha ya kufundishia shuleni na vyuoni, lakini hatujajishughulisha vya kutosha na mahali ambapo elimu hiyo iliyopatikana kwa lugha moja hulazimika kutolewa kwa lugha nyingine, tena kwa dakika chache, dirishani pa dawa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sehemu ya maarifa ya muuguzi kuhusu kipimo, madhara na usumu wa dawa hupotea katika maneno machache mahususi ya Kiswahili, na kwamba maneno hayo yanaweza kutajwa, kuchambuliwa na kupatiwa mbadala.

Tunairejelea Mwazye kwa sababu mahali hapo hukutanisha mambo yote yanayotuhusu. Ni kata iliyo katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Zamani ilihesabiwa katika Sumbawanga Vijijini, na sasa imo katika Wilaya ya Kalambo. Ndiko alikozaliwa, mwaka 1944, Polycarp Pengo, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam na kadinali. Lugha ya nyumbani ni Kifipa, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi la M.13, majirani ni Wamambwe na Walungu. Kazi kuu ni kilimo, na zao kuu ni mahindi. Katika mazingira ya namna hii, aliyepo zahanati mara nyingi ni muuguzi, si mfamasia, naye ndiye apimaye, atoaye na aelezaye.

Wauguzi hufundishwa mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kumpa mtu dawa: awe mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Wodini, muuguzi huyasimamia yote matano kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mfano, mama mwenye kifafa cha mimba anapochomwa sindano za magineziamu salfeti, muuguzi hugonga goti kuona kama mguu bado unaruka, huhesabu pumzi na hupima mkojo, maana dawa hiyo ikizidi mwilini huzima kwanza mshtuko wa goti na kisha pumzi. Kalsiamu glukoneti huwekwa karibu ili kuipinga. Hapo lugha haina kazi kubwa. Lakini mgonjwa anapoondoka zahanati na bahasha ya vidonge, mambo hayo hukabidhiwa kwake, na chombo pekee cha kumkabidhi ni maneno.

2.0 Dawa na Sumu

Tuanze na neno lenyewe. *Dawa* ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limepanuka kuliko lilivyokuwa huko lilikotoka. Kuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya, dawa ya mbu na dawa ya mahindi. Kuna pia dawa ya mapenzi na dawa ya kumdhuru jirani. Kinachoziunganisha zote si kuponya, bali ni kuwa na nguvu ya kutenda juu ya kitu kingine. Lugha nyingi za Kibantu hupita njia nyingine, kwa kulitumia neno la mti: Kibemba, kwa mfano, husema *umuti* kwa maana ya mti na ya dawa. Kiswahili kiliuacha *mti* ubaki mti, kikaazima jina la dawa.

Chukua sentensi hii, ambayo muuguzi yeyote wa vijijini ameisikia ikitamkwa mlangoni na ndugu waliobeba mtu:

(1) Amekunywa dawa.

Sentensi (1) ina maana tatu. Yaweza kuwa mgonjwa ametumia dawa ya hospitali. Yaweza kuwa ametumia dawa ya mganga. Na yaweza kuwa amemeza kiuatilifu, kwa bahati mbaya au kwa kukusudia. Maana ya tatu ni ya kawaida sana katika mazungumzo, kwa kuwa hupunguza ukali wa jambo ambalo familia inaona haya kulitaja. Katika mkoa wa mahindi, ambako unga wa kuhifadhia nafaka dhidi ya dumuzi umo katika nyumba nyingi, si maana ya kupuuzwa. Actellic Super, kwa mfano, ina pirimifosi-methili, ambayo ni ya jamii ya oganofosfeti. Mtu aliyeathiriwa na jamii hiyo ya sumu hutokwa na mate na jasho, mboni za macho husinyaa na pumzi huziba, na dawa ya kumwokoa ni atropini. Muuguzi anayeuliza “Dawa gani?” kwa kawaida hujibiwa kwa kazi ya dawa, si kwa jina lake: “Ya mahindi.” Jibu hilo, ingawa halionekani kuwa la kitaalamu, ndilo lenye manufaa.

Wanaistilahi wamejitahidi kuligawa eneo hili. Tunavyo sasa *viuatilifu*, *viuadudu* na *viuavijasumu*, vyote vikiwa vimeundwa kwa kitenzi *ua*, na neno la kwanza limefika hata katika jina la taasisi ya serikali, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Hata hivyo, istilahi hizi hukaa katika vibandiko na nyaraka. Ghalani bado ni dawa. Wala hatudhani kuwa jambo hili ni ujinga wa mkulima. Kwa mantiki ya Kiswahili, sumu ni dawa iliyotumika mahali pasipofaa au kwa kiasi kisichofaa, na hayo ndiyo yanayofundishwa katika somo la kwanza la elimu ya sumu.

Ufipa, wazo hili lina mizizi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza vuguvugu la Kamcape la mwaka 1963 na 1964, ambalo wafuasi wake walizunguka vijijini wakikusanya pembe na dawa za uchawi, huku wakiwanywesha watu dawa yao wenyewe ya kuwakinga. Dawa iliondolewa kwa dawa. Jamii yenye historia hiyo haihitaji kufundishwa kuwa dawa yaweza kudhuru. Inalolihitaji ni kuambiwa ipi, kwa kiasi gani, na kwa dalili zipi.

3.0 Kutwa na Saa

Juu ya bahasha ya dawa huandikwa 2 x 3, nayo husomwa hivi:

(2) Vidonge viwili kutwa mara tatu.

*Kutwa* ni neno moja kwa asili na *kuchwa*, yaani jua kutua. Ndiyo maana tunasema *usiku kucha* na *mchana kutwa*: usiku hadi kunapambazuka, mchana hadi jua linapozama. Mwandishi wa bahasha anakusudia siku nzima ya saa ishirini na nne. Neno lenyewe linampa mgonjwa mchana tu. Anayemeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni ametii sentensi (2) barabara, lakini ameuacha mwili saa kumi na mbili bila dawa. Kwa dawa nyingi pengo hilo halina hatari kubwa. Kwa dawa zinazopaswa kugawanywa sawasawa kila baada ya theluthi ya siku, zikiwamo baadhi ya viuavijasumu, lina uzito.

Wauguzi waangalifu huikwepa *kutwa* na kusema:

(3) Kila saa nane.

Hapa wanatoka katika tope na kuingia shimoni. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na *saa nane* ni jina la wakati maalumu wa mchana. Sentensi (3) yaweza kusikika kuwa “kila ifikapo saa nane”, yaani mara moja tu kwa mchana. Utata unazidi katika dawa mseto ya artemetha-lumefantrini, iliyoanza kutumika Tanzania Bara kama tiba ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006. Dawa hiyo humezwa mara sita kwa siku tatu, na mara ya pili huja saa nane baada ya ile ya kwanza. Zinazofuata huja kila baada ya saa kumi na mbili. Mgonjwa aliyemeza saa nne asubuhi akaambiwa ameze tena “baada ya saa nane” anapaswa kumeza saa kumi na mbili jioni. Akilielewa neno kuwa ni jina la wakati, atameza mara tu saa nane mchana ipitapo, saa nne tu baadaye. Sehemu iliyobaki ya ratiba haina taabu, maana saa ya Kiswahili yenyewe ni ya mafungu mawili ya kumi na mbili, na “asubuhi na jioni” hutosha.

Na hapa tunapenda kusema jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wenzetu. Tumezoea kuwasahihisha wanafunzi wanaosema *masaa*, kwa hoja kuwa *saa* imo katika ngeli ya I-/ZI- na haihitaji kiambishi cha wingi. Lakini tukisikiliza namna neno hilo linavyotumika, tutaona kuwa wasemaji hawalitumii ovyo: *saa nane* ni wakati, *masaa nane* ni muda. Hakuna asemaye “tukutane masaa nane”. Wasemaji wameunda tofauti ya kisarufi ambayo lugha sanifu haina, nayo ni tofauti ileile anayoihitaji muuguzi. “Meza tena baada ya masaa nane” haina utata wowote. Kwa maoni yetu, umbo hilo lipewe nafasi katika lugha ya zahanati, hata kama wasahihishaji wa insha wataendelea kulipigia mstari mwekundu.

Kuhusu *kipimo* tutasema kwa ufupi. Neno hilo ni kiasi cha dawa, na pia ni uchunguzi wa maabara, ndiyo maana wauguzi wamelihama wakachukua *dozi*. Nayo *dozi*, katika kinywa cha mgonjwa, ni matibabu yote tangu mwanzo hadi mwisho: mtu “humaliza dozi”. Onyo la “usizidishe dozi” laweza basi kueleweka kuwa ni kutorudia matibabu, na si kutoongeza vidonge. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu nne za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kwa kuwa ziada huharibu ini. Aliyepewa 2 x 3 zahanati, kisha akanunua Panadol dukani akidhani ni dawa nyingine, huufikia na kuuvuka mpaka huo bila ya kujua. Afadhali kumtajia hesabu ya vidonge.

4.0 Madhara, Maudhi na Mzio

Kiswahili hakina neno moja lililotulia kwa yale ambayo dawa huyafanya mbali na ile kazi iliyokusudiwa. *Madhara* ndilo linalotawala. Lakini *madhara* ni hasara na uharibifu; halina daraja. Kichefuchefu ni madhara, na ngozi kubabuka mwili mzima ni madhara. Mwaka 2001 Tanzania Bara ilipoiacha klorokwini na kuchukua sulfadoksini-pirimethamini, yaani SP, watu walikuwa wamezoea dawa iliyowawasha ngozi, nao waliustahimili muwasho huo. SP iliweza, kwa nadra sana, kuleta ugonjwa mkali wa ngozi na utando wa mdomo na macho. Habari hizo zilienea, na wengi waliiogopa. Neno lililobeba habari za muwasho wa maelfu na za ugonjwa wa wachache lilikuwa hilohilo moja.

Wauguzi wa uzazi wa mpango walikuwa wamelitatua tatizo hili upande wao. Wao husema *maudhi madogo madogo*: kichwa kuuma, kichefuchefu, hedhi kubadilika. Ni istilahi nzuri, kwa sababu udhi ni jambo la kuchosha lakini la kupita, na urudufishaji wa kivumishi huonyesha uchache wa uzito. Kasoro yake ni kuwa inaweza kuficha. Mama anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango akaona mguu mmoja umevimba na kuuma asidhani kuwa hilo nalo ni udhi dogo la kuvumiliwa. Yaweza kuwa ni damu iliyoganda mshipani. Tunapendekeza basi maneno mawili yatamkwe pamoja, kila moja na mifano yake: *maudhi*, ambayo mgonjwa ayavumilie, na *dalili za hatari*, ambazo zimrudishe zahanati siku hiyohiyo. La pili limekwisha kuzoeleka kliniki za wajawazito.

Limebaki swali ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko yote yaliyotangulia:

(4) Je, una mzio na dawa yoyote?

*Mzio* ni istilahi sanifu, na vyuoni hufundishwa hivyo. Lakini maana yake ya zamani ni mwiko: kile ambacho mtu amekatazwa kula na mganga au na ukoo wake. Kwa msikilizaji wa maana hiyo, swali (4) linahusu masharti aliyopewa, na kwa kuwa hakupewa masharti yoyote kuhusu vidonge, jibu lake la haki ni “Sina.” Istilahi ya kimkopo *aleji* huwafaa wa mjini. Wasemaji wengi wana njia yao wenyewe:

(5) Dawa hii imenikataa.

Tazama muundo wake. Dawa ndiyo kiima, mtu ni yambwa. Tatizo halimo katika mwili wa mgonjwa bali katika hiari ya dawa ile. Hapa ndipo hatari ilipo, kwa kuwa dawa iliyomkataa mtu haina ndugu. Aliyekataliwa na Septrin hana sababu ya kuihofu SP: jina ni jingine, kidonge ni kingine, ugonjwa ni mwingine. Muuguzi, kwa upande wake, anajua kuwa zote mbili zina salfa. SP bado hutolewa kliniki kwa wajawazito ili kuwakinga na malaria. Kwa hiyo swali hili huulizwa, au hupaswa kuulizwa, kila siku. Mama akiulizwa (4) atajibu hapana. Akiulizwa “Kuna dawa iliyowahi kukukataa? Ilikufanya nini?” ataitaja Septrin, na atasimulia vipele na midomo iliyochubuka.

Katika mazingira ya Mwazye inafaa swali hilo la pili liulizwe hata kwa Kifipa panapokuwa na awezaye, hasa kwa wazee, na litangulie lile la *mzio*. Kamusi ya Tiba, iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003, ilikuwa hatua kubwa ya kuyapatia mambo ya hospitali majina ya Kiswahili. Kinachohitajika sasa ni orodha inayokwenda upande wa pili, kutoka usemi wa mgonjwa kuelekea istilahi, ili *imenikataa*, *imenizidi nguvu*, *imenilevya* na *imenipanda kichwani* yajulikane yanaashiria nini.

Hapo patakuwa na faida nyingine. Tanzania ilijiunga mwaka 1993 na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa, na watumishi wa afya hutakiwa kujaza kadi ya njano wanapoyashuku. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo inayozipokea. Kadi huanza na maneno ya mgonjwa. Muuguzi aliyesikia “imenipanda kichwani” akaandika “kichwa kuuma” ametafsiri mapema mno: huenda mgonjwa alikusudia kizunguzungu, au masikio kuvuma kama ilivyokuwa kwa wanywaji wa kwinini, au kuchanganyikiwa akili. Lingekuwa jambo jema kadi hiyo iwe na mstari mmoja wa kuandika usemi wenyewe wa mgonjwa, kama ulivyotamkwa, kwa lugha yoyote aliyoutamkia.